Umesaini "ukiacha kazi utalipa"? Mwongozo kamili wa kujua deni la bosi wa ng'ambo linashika wapi na haliwezi kushika wapi

Hapa Malindi siku hizi karibu kila mtaa una mtu wake ng'ambo. Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, Ngala, huyu yuko Doha kwenye hoteli, yule ni nesi Uingereza, mwengine kapata viza ya Marekani, na wengi wao siku ya kusaini kulikuwa na kifungu kimoja hawakukisoma vizuri kwa sababu tiketi ishatoka na ajenti anasema fanya haraka kuna watu wangojea nafasi yako. Kifungu chenyewe husema mfanyakazi akiacha kazi kabla ya miaka 2 au 3 atalipa kiasi fulani, dola elfu kumi na tano, pauni elfu nne, laki mbili za Kenya, kila mtu na yake. Halafu mambo yakiharibika kule, mshahara si ule walioambiana, saa za kazi hazina mwisho, mtu ataka kutoka, ndo kile kifungu chatolewa kabatini.

Sasa kila mtu auliza swali moja, je kinashika kisheria? Jibu ni kwamba ndani ya karatasi hiyo hiyo kuna kipande kinachoshika na kipande kisichoshika. Pesa iliyolipwa kweli kwa ajili yako, yenye risiti, na ambayo sheria ya nchi ile haikusema ni mzigo wa mwajiri, hiyo yaweza kuwa deni. Kiasi kilichowekwa ili uogope kuondoka, hicho sehemu nyingi ni faini tu na mahakama haiipi nguvu. Na hata ile inayoshika, lazima iwe na mahakama inayoweza kukufikia. Kwa hivyo kabla hujaanza kuuza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama, fuata hizi hatua kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: kusanya makaratasi yote, hata yale uliyoambiwa si muhimu

Mtu atakwambia nilisaini mkataba, kumbe alisaini karatasi nne. Kuna ya ajenti, kuna ya mwajiri, kuna fomu ya mkopo wa tiketi na medikali, na kuna ile ya mdhamini ambayo mama au mjomba aliitwa ofisini Mombasa akaweka sahihi. Zitafute zote. Kama nakala halisi iko kwa ajenti, mwombe kwa meseji ya maandishi usimpigie, akikataa ama akinyamaza ushahidi umebaki. Piga picha kila ukurasa pamoja na ule wenye mihuri, ujitumie kwa imeli yako mwenyewe na pia mtu wa nyumbani awe nazo, manake kule Ghuba simu huchukuliwa na picha zote zaenda nayo.

Ukizipata, zilinganishe. Kama karatasi uliyosaini huku yasema kazi ya hoteli na ile uliyopewa ukifika yasema kazi ya usafi wa nyumba, au mshahara umeshuka, hapo mwajiri ndiye aliyevunja makubaliano kwanza, na aliyevunja kwanza ana kazi kubwa sana kumdai mwenzake faini ya kuondoka. Hii peke yake yaweza kukuokoa.

Kisha tafuta muhuri wa ofisa wa leba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kuanzia kifungu cha 83 hadi 86, yasema mkataba wa kazi ya nje lazima uwe kwa fomu maalum, usainiwe na pande zote na uthibitishwe na ofisa wa leba, na yule ofisa kabla ya kugonga muhuri anatakiwa ahakikishe umeuelewa na hukulazimishwa wala kudanganywa. Mwajiri asiyekaa Kenya hutakiwa pia kuweka dhamana. Na anayemshawishi mtu kwenda nje bila mkataba rasmi, huyo afanya kosa la jinai. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini kule Lamu najua hii ofisi iko mbali, mpaka uvuke kwa boti hadi Mokowe ndo ushike gari, na maajenti wanajua hivyo ndo maana huwaambia watu "muhuri tutamaliza sisi". Kama muhuri haupo haina maana deni limefutika lenyewe, lakini wewe ushapata fimbo mkononi.

Hatua ya pili: jua anayekudai ni nani hasa

Angalia jina la aliyesaini na wewe. Anayeweza kukushtaki kwa mkataba ni yule aliye ndani ya mkataba. Ajenti akisema "bosi ataka pesa zake" na mkataba wenyewe ni kati yako na bosi wa Riyadh, ajenti hana kesi, ana mdomo tu. Lakini kama ulisaini na ajenti mwenyewe, basi ajenti ndo mdai na itabidi umjibu. Hakikisha pia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile watu huita NEA, orodha ya waliosajiliwa iko kwenye tovuti yao. Ajenti asiye na leseni mara nyingi hatapenda kabisa kuiona mahakama, kwa hivyo ukimuuliza nambari ya leseni yake mapema mazungumzo hubadilika sauti.

Hatua ya tatu: ipasue ile hesabu

Hapa ndo penye utamu, kaa na kalamu. Usibishane na jumla. Omba mchanganuo kwa maandishi, kila kitu na bei yake na risiti yake.

Tuseme kijana wa maabara ya hospitali kutoka Malindi alienda Marekani kwa viza ya H-1B, ile ya kazi za utaalamu, mkataba wa miaka 3, akaondoka baada ya miezi 24, akaletewa bili ya dola 15,000. Akiomba mchanganuo apewa hivi:

- wakili wa mwajiri na ada za kupeleka ombi la viza: 6,200
- tiketi na nyumba ya mwezi wa kwanza: 2,300
- mafunzo: 1,500
- hasara ya biashara kwa kampuni kumkosa: 5,000

Mstari wa kwanza ufute. Kwa H-1B sheria ya Marekani yasema gharama za wakili na ada za ombi ni za mwajiri, hawezi kuzirudisha kwako wakati wowote, wala kwa kukata mshahara wala kwa kukudai ukiondoka. Mstari wa mwisho, hiyo faida ambayo kampuni ilitarajia kuipata kwa jasho lako, upinge. Huo ndo ule unaonuka faini. Zimebaki 3,800. Hapo uliza, mafunzo gani? Kama ni siku mbili za kuonyeshwa mashine za hospitali yao na wapi pa kuegesha gari, hayo si mafunzo ya kukufaidi wewe, ni kazi yao. Lakini tuseme yote yabaki. Ametumikia miezi 24 kati ya 36, amebakisha 12, yaani theluthi moja, theluthi ya 3,800 ni kama dola 1,267. Kutoka 15,000 mpaka 1,267 na hatujafika hata kwa hakimu.

Sasa usije ukaenda kusema nimesoma deni hupungua kila mwezi lazima. Kama mkataba haukusema linapungua, mdai atabisha. Ila kifungu kinachodai kiasi kile kile kwa aliyeondoka mwezi wa 2 na aliyeondoka mwezi wa 35 chajionyesha chenyewe kwamba hakikuhesabu hasara yoyote, na majaji hulitazama sana jambo hilo.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1915 mahakama ya juu ya Uingereza kwenye kesi ya Dunlop na New Garage ilitenganisha makadirio ya kweli ya hasara, ambayo yadaiwa, na faini ya kutisha, ambayo haidaiwi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ikaipanua kwenye kesi ya Cavendish na Makdessi, kwamba watazama kama mdai ana maslahi ya halali ya kulinda na kama kiasi kimepita kipimo kabisa. Kenya sheria yetu ya mikataba imeegemea sheria hiyo ya Kiingereza, kwa hivyo hoja hii waweza kuitoa hata mahakama ya hapa Malindi na hakimu hatakushangaa.

Hatua ya nne: angalia sheria ya nchi uliko

Marekani kwanza kwa sababu huko ndo bili huwa kubwa. Kwa H-1B mwajiri haruhusiwi kukutoza faini ya kuondoka mapema, ila aweza kudai fidia iliyokadiriwa mapema kama sheria ya jimbo yakubali, na tofauti ya hivyo viwili ndo ugomvi wote. Na akikufukuza yeye kabla ya muda wa viza kuisha, nauli ya kukurudisha nyumbani ni juu yake, wengi hawajui hii. Kwa manesi wanaoenda na viza za makazi, kesi ya kuikumbuka ni ile ya manesi wa Kifilipino na kampuni za Sentosa, New York. Mkataba ulikuwa na fidia ya mpaka dola 25,000 kwa anayeondoka kabla ya muda, na mwaka 2019 mahakama ya shirikisho ya Brooklyn ikasema ile ni faini isiyotekelezeka na tena inavunja sheria ya kupinga usafirishaji haramu wa watu. Soma hapo tena. Kutisha mtu kwa deni kubwa ili aendelee kufanya kazi kwaweza kuhesabiwa kazi ya kulazimishwa, manake sheria ile ikisema madhara makubwa inahesabu na madhara ya pesa, haitaki mpaka upigwe au ufungiwe mlango. Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani yenyewe ilishtaki kampuni moja ya Brooklyn, Advanced Care Staffing, iliyokuwa ikidai mpaka faida yake ya baadaye kutoka kwa manesi walioacha, hoja ya wizara ikiwa mshahara lazima umfikie mfanyakazi mkamilifu bila kurudi mlango wa nyuma. California nayo imepitisha sheria inayokataza sehemu kubwa ya mikataba ya baki-au-lipa iliyosainiwa kuanzia 1 Januari 2026, kuna mambo machache yaliyoachwa nje lakini kama kazi iko huko anzia hapo.

Uingereza ni wapole kidogo kwa kauli lakini karatasi zao zina meno zaidi, nitaeleza kwa nini hatua inayofuata. Huko mwajiri hawezi kukubebesha ile tozo ya serikali ya kuajiri mgeni, wanaiita Immigration Skills Charge, na tangu 31 Disemba 2024 hawezi pia kukubebesha ada ya cheti cha udhamini kwa viza ya Skilled Worker wala ada ya leseni yake. Kwa hivyo chukua kifungu chako, ukiona hayo majina ndani, kata. Kwa wahudumu wa afya kuna kanuni za serikali za kuajiri kutoka nje, zinazosema kifungu cha kurudisha pesa kiwe wazi tangu mwanzo na gharama zimetajwa, kiwe na kiwango cha haki, kipungue kadiri unavyotumikia na kiangalie sababu ya kuondoka. Kukata deni kwenye mshahara wa mwisho bila idhini yako ya maandishi ya kabla pia ni kosa. Ushauri wa bure uko kwa Acas, shirika la huko la mambo ya kazi. Na kwa wale ambao bado mwauzwa kazi ya kutunza wazee, njia ya kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje kwa kazi ya kutunza ilifungwa 22 Julai 2025, anayekuuzia leo muulize ni viza gani hiyo.

Ujerumani watu wameanza kuuliza tangu Kenya na Ujerumani zisaini mkataba wa uhamaji Septemba 2024. Mahakama yao ya juu ya kazi ina kipimo kizuri kweli: mafunzo ya mpaka mwezi mmoja yakufunge si zaidi ya miezi 6, ya miezi miwili mwaka mmoja, ya miezi 3 au 4 miaka miwili, ya miezi 6 hadi mwaka miaka 3. Na kifungu kinachosema "ukiacha kazi kwa sababu yoyote ile utalipa" huanguka chote, manake hakikutenganisha aliyeondoka kwa hiari yake na aliyeondolewa na makosa ya mwajiri. Huanguka chote, yaani hata kile kipande kizuri chaenda nacho.

Ghuba ni shughuli nyengine. Kwenye karatasi sheria ziko: Imarati (kina Dubai), sheria ya kazi iliyoanza Februari 2022 yakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na sheria yao ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022 yaweka mzigo wa miezi 6 ya majaribio kwa wakala, yeye ndo humrudishia mwajiri pesa au kumletea mtu mwengine na kumsafirisha mfanyakazi arudi kwao. Saudia, kifungu cha 40 cha sheria ya kazi chasema ada za kuajiri, iqama (kibali cha kuishi) na kibali cha kazi ni za mwajiri, ingawa wafanyakazi wa nyumbani wako chini ya kanuni zao mbali. Qatar pia hairuhusu kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, na kushika pasipoti yako ni kosa lenye faini. Kwa hivyo ile laki mbili mama anayoombwa huku nyumbani mara nyingi ni ajenti anajaribu kuuhamisha mzigo wake mwenyewe. Mwajiri alilipa ofisi ya kule, ofisi ya kule ikamlipa ajenti wa huku, mfanyakazi akirudi mapema ajenti adaiwa na wenzake, naye atafuta pa kuutua.

Lakini Ghuba usiondoke kazini kienyeji. Ukitoka tu bila taarifa waweza kuripotiwa mtoro, na ripoti hiyo yaweza kukuzuia uwanja wa ndege hata kama kwa haki wewe ndo wadai mshahara. Fungua kwanza malalamiko kwenye wizara ya kazi ya kule au fika ubalozini, upate nambari ya malalamiko, ndo ujadili kutoka.

Hatua ya tano: watakushtaki wapi?

Watu husahau hii kabisa, na ndo inayoamua. Hukumu ya ng'ambo haiji yenyewe Malindi. Kenya ina sheria ya kutambua hukumu za nje, na nchi zilizo ndani yake ni chache: Uingereza, Australia, Malawi, Seychelles, Tanzania, Uganda, Zambia na Rwanda. Hukumu ya Uingereza kwa hivyo yaweza kusajiliwa Mahakama Kuu hapa na kutekelezwa bila kuanza kesi upya, ndo nikasema karatasi zao zina meno. Marekani haimo, wala Saudia, Qatar au Imarati. Mwenye hukumu ya huko itabidi afungue kesi mpya Kenya akiitumia ile hukumu kama msingi, jambo ambalo Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 2016 kwamba lawezekana, lakini ni gharama ya loya na muda, na kwa dola elfu mbili tatu wachache watajisumbua.

Kuna mtego. Geuza mkataba uangalie kama kuna kifungu cha usuluhishi, yaani ugomvi upelekwe kwa msuluhishi wa kibinafsi badala ya mahakama. Kampuni za Marekani hupenda sana hiki. Uamuzi wa msuluhishi una njia yake, ule mkataba wa New York wa 1958, na Kenya imo tangu 1989, Marekani nayo imo. Kwa hivyo uamuzi wa msuluhishi wa Marekani waweza kukufikia hapa kwa urahisi kuliko hukumu ya jaji wa kule kule. Ukipata imeli ya usuluhishi usiifute ukadhani ni matapeli, jibu hata kwa mistari mitatu useme wapinga na kwa nini. Asiyejibu huhukumiwa hayupo.

Na kama bado uko kule, hayo yote hayakusaidii, mahakama ya kule inakufikia moja kwa moja. Mtu aliyerudi Malindi na mtu aliyehamia hospitali ya jirani Texas hawako hali moja hata kama karatasi ni ile ile.

Ajenti wa Kenya naye hana haja ya hayo yote, aweza kukushtaki hapa hapa. Madai ya mpaka shilingi milioni moja yaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na kule kesi hutakiwa iishe ndani ya siku 60, ni mbio, kwa hivyo samansi ikija usingoje kushauriana na ukoo mzima. Kumbuka tu mahakama hiyo haisikizi kesi za mwajiri na mfanyakazi, hizo ni za mahakama ya leba, nayo inakaa hapa Malindi. Kama dai ni la kazi, simama useme hivyo siku ya kwanza.

Hatua ya sita: waliosaini nyumbani

Mdhamini hashtakiwi kwa neno la mdomo. Sheria ya Mikataba ya Kenya yataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwengine iwe kwa maandishi na imesainiwa na mwenyewe. Mjomba aliyesema tu "huyu ni wetu, sisi tupo" mbele ya ajenti hadaiwi kitu. Aliyesaini fomu anaweza kudaiwa, ila kwa kile tu ambacho deni lenyewe lashika. Kifungu kikiwa faini isiyo na nguvu kwako, mdhamini naye ana hoja hiyo hiyo.

Hati ya shamba ndo inayonikera zaidi. Kuna maajenti huchukua hati ya kiwanja cha familia "iwe amana tu", na kwa Malindi hii ambapo watu wamepigania hati miaka na miaka, wengine wakiwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, ukimpa mtu hati kwa ajili ya tiketi ya ndege ni jambo la kutisha. Sheria ya Ardhi ya 2012 yakubali kwamba kuweka hati kwaweza kuwa rehani isiyo rasmi, lakini aliyeishika hawezi kuuza wala kuingia shambani bila amri ya mahakama, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzako. Ajenti akija na mnunuzi, mwambieni alete amri. Kisha kesho yake mwende ofisi ya ardhi mkaulize kama wewe mwenye ardhi waweza kuweka zuio kwenye rejista.

Hatua ya saba: vitisho vya simu

Chukua meseji ya kawaida ambayo mama hupokea usiku: "Mama, mtoto wako ametoroka kazi, deni 230,000, usipolipa kufikia Ijumaa tunapeleka DCI na atafungwa na jina linaenda Interpol." Isome taratibu. Deni la mkataba ni kesi ya madai, polisi, hata hao DCI wa upelelezi, si wakusanya madeni. Jela ya madai ipo Kenya, ni kweli, lakini huja baada ya hukumu, baada ya notisi, na baada ya mahakama kuridhika kwamba una uwezo na wakataa kulipa. Interpol haishughuliki na mtu aliyeacha kazi ya kupika. Na ile 230,000 imetoka wapi, mbona hakuna hata risiti moja?

Usimtukane, usimfungie. Piga skrinshoti, kisha jibu hivi, kwa lugha ya mkataba:

"Nimepokea madai yako ya tarehe fulani. Sikubali kwamba nadaiwa kiasi hiki. Naomba ndani ya siku 14 unitumie nakala ya mkataba niliosaini, mchanganuo wa kila gharama na risiti zake, na nambari yako ya usajili wa NEA. Tafadhali usiwasiliane na mzazi wangu kuhusu jambo hili, wasiliana na mimi. Meseji zako zote nazihifadhi."

Neno "sikubali kwamba nadaiwa" usiliache. Watu huandika "naomba nipewe muda nitalipa" kwa adabu tu, na meseji hiyo husomwa mahakamani kama amekiri deni.

Kitisho cha kukurudisha kwenu kwa nguvu, mwajiri hana uwezo huo. Anachoweza ni kuacha kukudhamini. Kwa H-1B hapo una mpaka siku 60 za kutafuta mwajiri mwengine apeleke ombi, na ombi likishapokelewa waweza kuanza kazi kwake. Uingereza wakisitisha udhamini, ofisi ya uhamiaji ikikuandikia kwa kawaida hukuachia siku 60. Nesi aliyeingia Marekani na green card tayari ni mkazi, barua ya bosi mwenye hasira haimtoi. Kama umezuiwa kutoka, umenyang'anywa pasipoti au deni linatumika kukushikilia, huo waweza kuhesabiwa usafirishaji haramu wa watu, na Kenya ina sheria yake ya 2010 yenye kifungo cha miaka 30 au faini ya milioni 30 kwenda juu. Ripoti hiyo ndo ya kupeleka DCI, na ubalozi nao uarifiwe.

Hatua ya nane: kama kuna kipande unachodaiwa kweli

Huenda ukimaliza hesabu ukaona tiketi na mtihani walilipa kweli na wewe uliondoka kwa sababu umepata pengine pazuri zaidi tu. Mie naona hapo lipa kile kipande, kwa masharti yako. Ofa iandikwe "bila kukubali dai", iwe kiasi cha risiti kilichopunguzwa kwa miezi uliyotumikia, kwa mafungu. Kabla ya kuikubali ofa ya zaidi ya hapo ongea na wakili, na kama huna pesa, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na kuna huduma ya serikali ya msaada wa sheria chini ya sheria ya 2016. Kama wewe ndo wadai, mishahara uliyonyimwa au pesa ajenti alizochukua, usikae nayo, madai ya kazi Kenya yana miaka 3 tu tangu jambo kutokea.

Makubaliano ya mwisho yawe ukurasa mmoja unaosema malipo haya yanamaliza madai yote, mdhamini fulani ameachiliwa, hati ya shamba na pasipoti zimerudishwa na tarehe yake, na hakuna kesi itakayofunguliwa popote. Pande zote wasaini na shahidi. Pesa ziende kwa akaunti au paybill yenye jina la kampuni iliyo kwenye mkataba, si kwa M-Pesa ya mtu binafsi anayesema ni mhasibu. Na hati kama ilichukuliwa, fungu la mwisho lisitumwe mpaka hati iwe mkononi mwa mwenyewe, ameifungua, na amesoma nambari ya kiwanja.